Skrubu za nyonga: zinashika nini hasa, na kwa nini wengine hukatazwa kukanyaga

Boda ikigongana na gari kwenye barabara ya Mikindani, au mtu akidondoka mnazini huko Lindi vijijini, taarifa inayofika nyumbani huwa fupi: kavunjika nyonga, anatakiwa kuwekewa vyuma. Kuanzia hapo kila mtu ana lake. Mmoja ana jirani aliyewekewa skrubu mbili tu na wiki hiyohiyo akasimama na magongo. Mwingine ana shemeji mwenye pleti, skrubu na antena (vyuma vya nje ya mwili) juu yake, na bado kaambiwa asikanyage miezi mitatu. Watu wanahesabu vyuma, na hesabu hiyo inawapotosha. Nyonga yenye vyuma vingi inaweza kuwa legelege kuliko yenye viwili. Kinachoamua ni pete ya mifupa ilikatikia wapi, hasa nyuma, mifupa ilirudishwa vizuri kiasi gani kabla ya kufungwa, na kama skrubu ilipata mfupa mgumu wa kung'ata.

Tutenganishe majeraha kwanza. Bibi aliyeteleza bafuni, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, mara nyingi amevunjika shingo ya mfupa wa paja. Hilo lina operesheni yake na halihusiki hapa. Lipo pia la kupasuka kikombe ambamo kichwa cha paja huzungukia, nalo ni somo jingine. Makala hii ni ya fupanyonga lenyewe, yaani pete ya mifupa iliyo kati ya uti wa mgongo na miguu.

Pete hiyo ina vipande vitatu vikubwa: mfupa wa nyonga wa kulia, wa kushoto, na katikati kwa nyuma sakramu, mfupa wa pembetatu ambao uti wa mgongo umeukalia. Mbele, mifupa miwili ya nyonga hukutana kinenani ikiwa na kipande cha gegedu katikati. Kwa mtu mzima nafasi hiyo ni kama milimita 4 au 5. Nyuma, kila mfupa wa nyonga umeungana na sakramu kwa kiungo kilichofungwa na kano nene. Mifupa hii haina umbo la kujishikilia. Ukizikata kano zote, vipande vitatu vinaachana vyenyewe. Kano za nyuma ya viungo hivyo ni miongoni mwa kano zenye nguvu kuliko zote mwilini, na hazikuwekwa pale bure: uzito wote wa kichwa, kifua, tumbo na mikono hushuka kwenye uti wa mgongo, ukaingia kwenye sakramu, ukavuka viungo vya nyuma kwenda mifupa ya nyonga, ndipo ukafika kwenye mapaja. Sehemu ya mbele haibebi mzigo mkubwa hivyo. Kazi yake ni kuzuia pete isifunguke wala kujifunga. Madaktari wa mifupa hukadiria kwamba nyuma inachangia takriban asilimia 60 ya uimara na mbele asilimia 40.

Mzigo wenyewe si mdogo. Mtu anapotembea na kuegemea mguu mmoja, misuli ya pembeni ya nyonga huvuta ili mwili usilale upande, na jumla ya nguvu inayokandamiza kiungo cha paja hufika kama mara mbili na nusu ya uzito wake. Kiungo cha mtu wa kilo 60 hubanwa kwa kama kilo 150 kwa kila hatua. Akitembea hatua 2,000 tu kwa siku, ndani ya miezi miwili chuma kimepigwa mara 120,000, nusu yake upande ulioumia. Vyuma vya nyonga kwa kawaida havikatiki kwa kishindo kimoja. Hukatika kwa uchovu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukaachia.

Aina ya ajali inasema mengi kuhusu pete ilivyokatika. Dereva wa boda anayegonga kitu kwa mbele husukumwa hadi kinena kikapiga tangi la mafuta. Pete hufunguka mbele kama kitabu. Pengo la kinenani likizidi sentimita 2.5, kano za mbele ya viungo vya nyuma kwa kawaida nazo zimechanika. Anayegongwa ubavuni na gari akivuka barabara, upande mmoja wa pete husukumwa ndani. Na anayedondoka kutoka juu ya mnazi au mkorosho akatua kwa mguu mmoja, nusu ya nyonga husukumwa juu ikaachana na sakramu kabisa.

Kutokana na hayo, majeraha hupangwa katika madaraja matatu. Daraja A ni pete iliyobaki imara: kipande kimevunjika ukingoni, au ufa haujahama. Hawa hawahitaji skrubu, na wanaosema "fulani alivunjika nyonga akapona kwa kulala tu" mara nyingi wanamzungumzia mtu wa daraja hili. Daraja B pete inafunguka au kujifunga kwa mzunguko, lakini kano za nyuma kabisa bado zinashika, hivyo nyonga haipandi juu. Daraja C nyuma pameachia kote: nusu ya nyonga inazunguka na pia inapanda. Tofauti ya B na C ndiyo inayozaa majirani wawili wenye vyuma tofauti na masharti tofauti. Pete iliyofunguka mbele tu, kwa mtu wa daraja B, pleti ya kinenani inaweza kutosha. Pleti hiyohiyo ikiwekwa peke yake kwa mtu wa daraja C, nyuma panaendelea kucheza kila anapogeuka kitandani, na ndani ya wiki chache skrubu za mbele zinang'oka au pleti inakatika. Antena, vile vyuma vya nje vinavyopigiliwa kwenye mifupa ya nyonga na kuunganishwa kwa fito mbele ya tumbo, ina udhaifu uleule. Inaifunga mbele vizuri na inasaidia sana saa za mwanzo, lakini nyuma haipafikii.

Kabla ya skrubu: saa za mwanzo

Kinachoua siku ya kwanza ni damu. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka kwenye mishipa midogo ya vena na kwenye mfupa uliovunjika, na pete ikiwa wazi inapata nafasi ya kujaa. Ndiyo maana nyonga hufungwa mapema. Shuka au kanga mbili zikunjwe ziwe na upana wa kama sentimita 20, zipitishwe chini ya mapaja, zivutwe juu taratibu, kisha zikazwe zikizunguka zile nundu mbili za mifupa zinazoguswa pembeni kabisa, mwanzo wa paja. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kufunga kiunoni, pale mkanda wa suruali unapokaa. Hapo kitambaa kinabana tumbo, na pete inaweza hata kufunguka zaidi chini. Magoti yafungwe pamoja, miguu igeukie ndani kidogo. Mgonjwa asibiringishwe huku na huku, na mtu asiisukumesukume nyonga kupima kama inacheza. Kila kuisukuma kunavunja donge la damu lililoanza kuziba. Kwa sababu hiyohiyo kukanda kwa maji ya moto na kuchua siku za mwanzo ni hatari. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, mpira wa mkojo usilazimishwe.

Haya yana uzito wa pekee kwa mikoa ya kusini. Kutoka Mtwara mjini hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500, na hakuna anayetaka mgonjwa avuke Rufiji akiwa na kitambaa kilichofungwa kiunoni. Mgonjwa huimarishwa kwanza hospitali iliyo karibu, damu, dripu na picha, kisha rufaa. Kwa safari ndefu ngozi iliyo chini ya kitambaa ikaguliwe, maana hupata vidonda kwa kubanwa.

Muda nao una mpaka. Mifupa ya nyonga hurudishwa mahali pake kirahisi zaidi ndani ya wiki mbili za kwanza. Baada ya wiki 3 mfupa mchanga umeshaota katikati ya vipande, na kurudisha kunakuwa operesheni kubwa na ya damu nyingi. Nyonga ikiwa imepanda na thieta haijapatikana, mguu huvutwa kwa mawe ili usizidi kupanda. Hiyo ni njia ya kununua muda, na familia zinazotumia mwezi mzima kujadiliana kama rufaa ni ya lazima huwa zimeshaupoteza muda huo.

Skrubu inavyoingia nyuma

Skrubu inayotumika sana kwa nyuma hupita pembeni ya tako, ikatoboa mfupa wa nyonga, ikavuka kiungo na kuingia ndani ya sakramu. Ina kipenyo cha milimita 6.5 au 7.3, urefu wake mara nyingi ni milimita 70 hadi 100, na katikati ina tundu. Tundu hilo ni la waya elekezi: kwa skrubu ya 7.3, waya wa milimita 2.8. Mgonjwa amelala chali, nusu kaputi imekolea. Kwanza mifupa inarudishwa, kwa kuvuta mguu na kubana pete. Kisha ngozi inachanwa kama sentimita moja tu, waya unasukumwa kidogo kidogo huku mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C ikipiga picha kutoka pembe tatu: ya kutazama pete kwa juu, ya kutazama sakramu kwa mbele, na ya ubavu. Waya ukikubalika pande zote, kekee yenye tundu inapita juu yake, halafu skrubu na washa yake, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu. Kovu linalobaki ni dogo kiasi kwamba ndugu huuliza kama kweli operesheni imefanyika.

Ugumu uko kwenye nafasi. Mbele ya bawa la sakramu, yaani sehemu yake ya pembeni, umelalia mshipa wa fahamu unaoinua kidole gumba cha mguu. Chini kidogo kuna matundu ambamo mishipa mingine hutokea. Waya ukipotoka nyuzi chache tu, umetoka kwenye mfupa. Njia hiyo nyembamba huzidi kubana ikiwa mfupa haukurudishwa: nusu ya nyonga iliyovunjikia ndani ya sakramu ikibaki imepanda sentimita moja, eneo ambalo vipande viwili vinagusana hupungua kwa takriban nusu. Gesi tumboni nayo huharibu picha. Ndiyo sababu daktari anaweza kuahirisha kwa kitu kinachoonekana kidogo kama tumbo kujaa, na uamuzi huo ni sahihi.

Kuhusu kung'ata, fundi anayepasua mbao za mnazi ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari. Mnazi ni mgumu kwa pembeni, karibu na gamba, hadi unaua meno ya msumeno. Kitovu chake ni laini, na skrubu ikikomea humo inazunguka bure. Mfupa uko hivyohivyo: gamba gumu nje, sponji ndani. Bawa la sakramu ni sponji tupu hasa, na kwa mzee linaweza kuwa karibu wazi. Skrubu fupi iliyoishia hapo ina meno yaliyoshika hewa. Ikifika ndani ya mwili wa pingili ya kwanza ya sakramu inapata sponji nzito zaidi. Na ile ndefu, milimita 130 hadi 180, inayovuka sakramu yote na kutokea kwenye mfupa wa nyonga wa upande wa pili, inashika gamba gumu huku na huku. Kwa nyuma palipoachia kabisa, au kwa mfupa wa mzee, hiyo ndefu ina nafuu kubwa, mradi umbo la sakramu ya mgonjwa linairuhusu. Baadhi ya watu wamezaliwa na sakramu isiyo na njia iliyonyooka kwenye pingili ya kwanza, na kwao hutumika ya pili. Washa ina kazi ya kuzuia kichwa cha skrubu kisizame kwenye gamba jembamba la mfupa wa nyonga. Ikizama, mbano wote umepotea.

Meno pia yana siri yake. Skrubu yenye meno nchani tu, milimita 16 au 32 za mwisho, huvuta: ncha inashika upande wa mbali, kichwa kinasukuma upande wa karibu, ufa unafungwa. Sharti ni moja, meno yote yawe yamevuka ufa. Yakibaki yamekaa pande zote mbili, hakuna mbano hata ukikaza vipi. Skrubu ya meno mwanzo hadi mwisho haivuti, inashikilia umbali ulivyo. Hiyo huchaguliwa pale sakramu iliposagika karibu na matundu ya mishipa ya fahamu, maana kuibana kungeiponda mishipa hiyo.

Kwa nini mbili na si moja? Skrubu moja inazuia kuachana, lakini nyonga inaweza kuizunguka kama mhimili. Ya pili, pingili moja au pingili tofauti, inafunga mzunguko huo. Unene nao haupandi kwa hesabu ya kawaida: chuma kigumu kikiongezwa kipenyo mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 16. Ndiyo maana tofauti ya milimita isiyofika moja kati ya skrubu mbili ina maana kubwa kuliko inavyoonekana mezani. Hata hivyo, kinachookoa skrubu kuliko unene ni mfupa kugusana na mfupa. Ufa uliofungwa vizuri unabeba sehemu kubwa ya mzigo kwa msuguano. Pengo likiachwa, chuma kinabeba chote na kinapindwa kila hatua. Picha ya eksirei ya baada ya operesheni ikionyesha skrubu nzuri lakini pengo bado lipo, mimi ningelihofia hilo pengo.

Palipobomoka zaidi ya hapo, skrubu za pembeni pekee hazitoshi. Huongezwa fito kutoka pingili za chini za kiuno hadi kwenye mfupa wa nyonga, ili uzito uruke sakramu iliyovunjika. Ndio ufungaji imara kuliko mwingine wowote wa nyuma, lakini kovu ni kubwa na hatari ya usaha ni kubwa pia.

Nyumbani

Kukatazwa kukanyaga hakumaanishi operesheni haikufanikiwa. Kwa kawaida upande ulioumia huruhusiwa kugusa chini tu, kama kilo 10 hadi 15, kwa wiki 6 hadi 12. Watu hawajui kilo 10 ya mguu inahisiwaje. Simama na magongo, weka mguu huo juu ya mizani, egemea taratibu hadi isome 10, na urudie mpaka mwili ukariri.

Mazingira ya pwani yana mitego miwili. Wa kwanza ni mchanga: gongo likizama, mgonjwa anajiokoa kwa kukanyaga mguu aliokatazwa, kwa uzito wote. Njia ya kwenda chooni na bafuni itandikwe mbao au kifusi kilichoshindiliwa. Wa pili ni choo cha kuchuchumaa. Kuinuka kutoka kuchuchumaa kunasukuma pete yote kwa nguvu. Fundi akate tundu kwenye kiti cha mbao, kiwekwe juu ya shimo. Kiti cha plastiki hufunguka miguu kwenye sementi yenye maji. Kitanda cha kamba kilichobonyea nacho kinamtaabisha kuinuka; godoro juu ya mbao linafaa zaidi.

Damu kuganda kwenye miguu ni hatari ya kweli kwa majeraha haya. Sindano au vidonge vya kuzuia hilo vimalizwe, na vifundo vya miguu vichezeshwe mara nyingi kila siku. Sigara na ugoro huchelewesha mfupa kuunga. Supu ya makongoro haina ubaya, ila mfupa unahitaji protini kila siku, na mbaazi, choroko na dagaa wa kusini wanaitoa kwa bei nafuu.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona haya: maumivu yaliyokuwa yakipungua yanaanza kuongezeka, mguu unaonekana umefupika, kidole gumba hakiinuki, kigimbi kimevimba upande mmoja, pumzi inakata ghafla, kidonda kinatoa usaha, au kitu kigumu kinaguswa chini ya ngozi pembeni ya tako. Hicho cha mwisho mara nyingi ni skrubu inayorudi nyuma.

Swali la kutu huulizwa sana ukanda huu wa bahari. Chuma cha pua cha hospitali na titani huwekwa ndani ya mwili kwa sababu havili kutu kirahisi, na maji ya bahari hayafiki vilipo. Wala si lazima vitolewe. Skrubu za nyuma zisizosumbua huachwa. Pleti ya kinenani ni jambo la pekee: kiungo hicho huwa na mwendo mdogo wa kawaida, hivyo baada ya miezi mingi pleti inaweza kulegea au kukatika ilhali mgonjwa anatembea bila maumivu. Kukatika huko baada ya nyuma kuunga si dharura. Kukatika katika wiki za mwanzo, hasa kukiwa na maumivu ya nyuma, kunamaanisha nyuma hapajashikwa na kunahitaji picha mpya.

Na mama aliyefungwa skrubu nyuma ya nyonga anaweza kubeba mimba na wengi huzaa kwa njia ya kawaida, kwani skrubu hizo hazipiti kwenye njia ya mtoto. Mwenye pleti kinenani, au ambaye pete ilipona imepinda, aende kliniki ya wajawazito mapema akiwa na eksirei yake ya mwisho mkononi, ili njia ya kujifungua ipangwe kabla ya uchungu.